Baridi ya Mama Avelina kwa Kiingereza

Mwalimu Hamphrey, mzaliwa wa Mbamba Bay kwenye joto la ziwani, baridi aliijua kwa kamusi tu. Alihamishiwa huku kwetu milimani, Umatengo, mwezi wa nane, baridi yenyewe imeshapita na kuunguza kahawa za watu. Lakini Kiingereza, jamani, alikuwa nacho! Ndiyo maana Mama Avelina alimpelekea fomu ya kuomba miche ya kahawa.

Zamani miche ilitoka chama cha ushirika. Sasa ni soko huria, kila mtu na lwake, na aliyebaki kugawa miche ni shirika moja la wageni, wanaotaka kila kitu kwa Kiingereza. Mama Avelina ni mjane. Mibuni mia tatu aliyoachiwa na marehemu mumewe Othmar yote ilikuwa imekauka kwa baridi hiyo. Bila miche mipya, basi tena.

"Shikamoo, mama. Wanauliza baridi ilikuwaje. Kuna cool, kuna chilly, kuna freezing. Hili la mwisho ni kali, maji yanaganda. Uliyaona yameganda?"

"Marahaba. Ndoo yangu inalala ndani, mwanangu. Nilichoona ni majani kuwa meusi."

"Barafu hukuiona?"

"Sikuiona. Nisiseme uongo."

Hapo mtu mwenye akili zake angeuliza majani yanakuwaje meusi kama hayakuganda. Mwalimu wetu alifungua kamusi. Cool ni baridi ya kuburudisha, hapana. Freezing haina ushahidi. Akaandika chilly kwa mwandiko wake mzuri, akajipongeza moyoni.

Desemba, mvua zimeanza, majibu yakaja. Mama Avelina aliileta barua shuleni akiwa na tenga la kubebea miche. Mwalimu aliisoma mara mbili, jasho likimtoka.

"Wanasema baridi yako haikutosha kuua kahawa, mama. Na orodha wameshaifunga."

"Haikutosha? Mbona Pankras tumepakana naye shamba, na amepewa?"

Pankras fomu yake ilijazwa na katekista, aliyeandika freezing bila kuuliza swali hata moja.

"Wewe uliandika nini, mwanangu?"

"Chilly."

"Ndiyo nini hiyo?"

Alitamani kudanganya. Hakuweza. "Baridi ya mtu kuvaa sweta."

Mama Avelina hakugomba. Angegomba, mwalimu angeshukuru.

"Kwa hiyo kahawa ningeivisha sweta," alisema, akachukua tenga lake tupu, akaondoka.

Kesho yake mwalimu alikuwa darasani anasikia shoka la Mama Avelina likikata mibuni mikavu kule bondeni. Chaki ilikuwa mkononi, watoto wanamsubiri.