Bonde Lisilofungwa Utepe

Ofisini walimwita Mama Vigae, naye hakuchukia. Mtu akishinda juani akiokota vipande vya vyungu vilivyovunjika kabla babu wa babu yake hajazaliwa, jina la aina hiyo lazima limpate. Kazi yake ilikuwa kuyatangulia matingatinga kwenye ardhi ya serikali: anatafuta mabaki ya watu wa kale, anawauliza wenyeji wanachokijua, kisha anakaa na wahandisi kupanga namna ya kuyakwepa au, ikishindikana, kupunguza madhara. Kazi hiyo aliijua vizuri. Ndiyo maana kosa alilolifanya lilimkaa kooni.

Safari hii ardhi yenyewe ilikuwa ranchi ya serikali, na barabara ya malori ilitakiwa ipite katikati yake. Kabla haijawa ranchi palikuwa kijiji cha kina baba yake. Watu walihamishwa, ng'ombe wakaletwa, na aliyebaki na kijiji kizima kichwani alikuwa shangazi yake, dada wa baba, mwanamke mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mwanzoni shangazi alikataa katakata. Alisema serikali iliyowahamisha bila kuwauliza leo inawauliza ya nini. Mama Vigae akambembeleza, akamwapia kwamba kitakachoonyeshwa kitalindwa, na mwishowe shangazi akakubali shingo upande. Akamwongoza hadi kwenye matanuru ya zamani ya kuyeyushia chuma, yaliyozama nusu ardhini, na pembeni yake makaburi. Moja lilikuwa la mama yake shangazi, yaani bibi yake Mama Vigae.

Mama Vigae akafanya kama alivyofanya kila mahali. Akasimika vigingi, akafunga utepe mwekundu kulizunguka eneo lote ili madereva wa matingatinga wasisogee. Na kweli, madereva hawakusogea. Waliosogea ni wengine. Maneno yalienea kwamba serikali imefunga utepe porini, na serikali haifungi utepe bure, lazima pana dhahabu. Aliporudi alikuta matanuru yamebomolewa kwa sururu, makaburi yamefukuliwa, na mifupa ya bibi yake imetupwa kando pamoja na udongo. Utepe wenyewe ulikuwa mzima. Waliuruka tu. Alilia pale pale, mtu mzima na kofia yake ngumu kichwani.

Kumweleza shangazi kulikuwa kugumu kuliko hata kuokota ile mifupa. Shangazi hakupiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama fuvu limepatikana, akaambiwa limepatikana, akaingia ndani na kufunga mlango. Siku ya kuzika upya walikaa gari moja, kiti kimoja, na njia nzima hakumsemesha.

Kikao cha mwisho cha mashauriano kilifanyika katika ofisi ya ranchi, kwenye viti vya plastiki, chini ya feni iliyozunguka kama inalazimishwa. Mhandisi wa barabara alikuwa mtu wa utani. Alizoea kulalamika kwamba akipiga chafya karibu na kigae, Mama Vigae anaikunja barabara. Siku hiyo hakutania. Alitandaza ramani mezani, akaeleza kwamba bondeni barabara itachimbwa ndani ya ardhi ili malori yasihangaike na mteremko, kisha akamgeukia shangazi.

"Mama, hapa bondeni mna chochote huko chini?"

"Hamna kitu," shangazi akasema.

Mama Vigae aliinua kichwa. Mlikuwa na kitu, naye alijua. Baba yake, alipokuwa mgonjwa, alimsimulia kwamba shangazi aliwahi kuzaa mtoto wa kiume, akafariki kabla hata ya kutambaa, akazikwa bondeni mwaka ule ule walipohamishwa. Mahali hasa, shangazi peke yake ndiye aliyepajua. Akaomba kikao kipumzike, akamshika shangazi mkono na kumtoa nje, barazani.

"Shangazi, baba aliniambia habari za mtoto."

Shangazi akaangalia ng'ombe wa serikali. "Baba yako naye, kifua hakuwa nacho," akasema. "Tingatinga likimpitia halitajua kama yupo. Wale wa utepe wako walikuwa wanatafuta. Niache, mwanangu. Bora anipotee kuliko kushikwa na mikono yao."

Mama Vigae alitamani kuapa tena, akaona haya. Akienda kumwambia mhandisi ukweli, atakuwa amemvua shangazi nguo mbele za watu. Akinyamaza, koleo la tingatinga litamzoa mtoto na kummwaga pasipojulikana. Sheria ilimtaka aseme. Damu ilimtaka afunge mdomo.

Waliporudi ndani aliomba bonde lisichimbwe hata kidogo. Barabara ipandishwe kwa kifusi, mwanzo wa bonde hadi mwisho wake, ipite juu ya ardhi kama ilivyo. Mhandisi akauliza sababu, maana kifusi ni gharama. Akasema kama pana kitu, patajwe, yeye atapawekea alama.

"Hapana alama," Mama Vigae akasema. "Bonde linatuamisha maji."

Bonde lilikuwa kavu tangu siku ya kwanza walipolipima pamoja. Mhandisi alimtazama, akamtazama shangazi, ambaye alikuwa anatazama viganja vyake. Akakuna shingo.

"Haya," akasema. "Litakuwa la majimaji."

Ndivyo mpango ulivyoandikwa. Mama Vigae, aliyewahi kugombana na wakubwa kwa ajili ya kipande cha chungu, alitia sahihi chini ya uongo wake.

Nje alimweleza shangazi taratibu. Hakuna atakayechimba. Udongo utamfunika, barabara itakaa juu yake, na hakuna atakayejua ni wapi, hata yeye Mama Vigae hataki kuonyeshwa. Alitegemea mama mtu angalau apumue. Shangazi akamgeukia.

"Na mimi nikitaka kumwona, nisimame wapi?"

"Kando ya barabara, shangazi. Kama mtu anayesubiri gari."

Shangazi alijifunga khanga yake vizuri, akaanza kushuka ngazi kwa magoti yake mabovu, akasimama.

"Na gari likisimama," akauliza, "nimwambie dereva nakwenda wapi?"