Leseni za Siku Moja

Kwa miaka ishirini na sita, Marlys Tollefson ndiye aliyeshughulikia leseni za uvuvi. Ukivuka kutoka Minnesota kwenda kuvua upande wa Kanada, huruhusiwi kutia ndoana majini bila karatasi ya kule, na kila mwaka alichukua mbili za siku nane: yake na ya mdogo wake, Verlyn. Mwaka huu Verlyn akajifanya mwema.

"Dada, safari hii pumzika. Nitajie urefu wako na rangi ya macho, halafu tia sahihi hapa, hapa na hapa."

Marlys alitia, bila hata kuvaa miwani. Karatasi za mdogo wake azisome ya nini?

Sasa walikuwa wamefika kwenye kibanda cha magogo alichokijenga baba yao ng'ambo ya mpaka, akawaachia wote wawili. Marlys alishusha chakula cha siku nane, viazi, mchele wa mwituni, kahawa mikebe miwili, akawasha jiko, kisha akafungua bahasha atundike leseni kwenye msumari wake wa siku zote. Akasoma tarehe. Akavaa miwani, akasoma tena.

"Verlyn, hizi ni za siku moja."

"Ndiyo."

"Ulikosea?"

Verlyn alikuwa anafumua mshipi wa kuvulia ambao haukuwa na fundo lolote. "Mnunuzi anakuja kesho asubuhi kuchukua funguo."

"Funguo za nini?"

"Za hapa. Dada, si ulitia sahihi?"

Hapa, hapa na hapa. Moja ilikuwa ya leseni, mbili za kuuza kibanda. Mdogo ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga ndoana amempiga changa la macho, tena akamwacha ahangaike kubeba viazi vya wiki nzima. Ilimchoma.

"Ungeniambia tu."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo."

Verlyn akachukua fimbo yake ya kuvulia. "Leo bado tunayo. Twende tukavue mara ya mwisho, wawili tu, kama zamani."

Marlys alikunja leseni yake akaitia mfukoni. Ya Verlyn akaitumbukiza kwenye jiko la kuni, akangoja mpaka ikashika moto.

"Wewe hukuja kuvua," alisema, akateremka peke yake kwenye mashua.