Msichana wa Darajani

Katika kikundi cha wasomaji cha mtandaoni walimwita Mvuke. Siku aliyojiunga waliuliza anafanya kazi gani, akajibu kwamba ni dobi wa hoteli na kwamba sehemu kubwa ya maisha yake imepita ndani ya mvuke. Jina likamganda.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya hoteli, na madirisha yake yalikuwa juu karibu na dari, madogo, hivi kwamba ulimwengu wa nje alioujua saa za kazi ulikuwa wa viatu. Viatu vilipita, vikasimama, vikajikuna kimoja kwa kingine, vikaenda zake. Shuka zilitoka kwenye rola za kupigia pasi zikiwa moto na nyororo, naye alizishika ncha mbili, mwenzake upande wa pili akashika nyingine, wakasogeleana na kuachana kama watu wanaocheza ngoma wasiyoisikia. Mwenzake huyo alikuwa mchache wa maneno. Basi Mvuke alipata nafasi ya kuota, na alichokiota zaidi ni vitabu.

Kikundi kilikuwa na watu wa miji mbalimbali, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Kiongozi wao alikuwa Mama Mapacha, mwanamke aliyezoea kusoma huku amemweka mtoto mmoja pajani na mwingine mgongoni. Kulikuwa pia na mwanamume waliyemwita Kobe, maana kitabu kimoja kilimkalisha msimu mzima, na akikimaliza anarudi mwanzo kuhakikisha hakuna kilichomponyoka. Kila Jumamosi walipendekezeana vitabu. Kobe kwa muda mrefu alikuwa akipendekeza kimoja tu, cha ufugaji wa nyuki, mpaka Mama Mapacha akamwandikia: "Kobe, hao nyuki sasa tunawajua hadi kwa majina. Tuletee mdudu mwingine."

Jumamosi moja Mama Mapacha akauliza swali: ni kitabu gani cha kwanza kilichokuingia moyoni kikakaa?

Mvuke alikuwa kwenye mapumziko, ameketi juu ya furushi la taulo. Alianza kuandika bila kufikiri, na vidole havikusimama.

"Jina lake silijui. Nilikuwa mdogo, nimeugua homa iliyoingia kwenye viungo na kunigusa moyo. Nililala kitandani mpaka nikasahau kutembea kunafananaje. Baba alikuwa mchoraji wa mabango, asubuhi anapanda ngazi kuchora, mchana ananisomea. Ndani ya kitabu kuna msichana anayeishi na babu yake, mlinzi wa daraja. Babu haoni vizuri, lakini anatambua kila ndege kwa kusikiliza mabawa. Msichana anavuka daraja na kufika kwenye mji wa mafundi miavuli, ambako mvua inanyesha mtaa mmoja tu. Kuna muuza nyuzi mwenye sauti kali, anamfokea kila mtu, halafu anamkalisha na kumlisha. Kuna saa ya ukutani inayorudi nyuma kidogo kila mtu akipiga chafya. Nilipona kabla hatujafika mwisho, na kitabu kikarudi kwa mwenyewe. Baba ameshatangulia. Kama kuna anayekijua, tafadhali."

Majibu yalimiminika. Mmoja alisema ni hiki, hapana, ni kile. Mwingine aliapa kwamba saa na chafya aliwahi kuzisoma mahali, ila si miavuli. Walimtajia vitabu vya mito, vya mabibi wakali, vya miji isiyo kwenye ramani. Mvuke alivitafuta kimoja kimoja, akavisoma vyote. Vingine vilikuwa vizuri kweli, na mara kadhaa alipitiliza kituo cha basi kwa sababu yake. Lakini ilikuwa kama kuingia nyumba za watu ukitafuta ya kwenu: wenyeji ni wakarimu, viti ni laini, unakaribishwa ndani, na bado unajua kwamba kitanda chako hakimo humo.

Alimuuliza mama yake. Waliishi pamoja, vyumba viwili na ukumbi mdogo, na mama, aliyekuwa amestaafu kiwanda cha sare, bado alikuwa na cherehani yake dirishani akiwashonea majirani.

"Jina la kitabu nilijue mimi?" mama alisema. "Mimi mchana kutwa nilikuwa kiwandani. Nikirudi nakukuta umelala na baba yako kakaa pembeni kama mlinzi wa benki. Ninachojua kilikuwa cha kuazima. Cha yule mzee wa duka la rangi, naye alishahama zamani."

Majibu ya kikundi yakapungua, kisha yakaisha, kama mvua inavyoacha paa. Mvuke alishakata tamaa Kobe alipoandika.

"Dada Mvuke, mimi huwa sijibu haraka, unanijua. Yule babu anayesikiliza mabawa ninamfahamu. Niliposoma maelezo yako nilimtambua palepale, ila nikajizuia, kwa sababu hayo ya ng'ambo ya daraja yote siyatambui. Miavuli sijaiona. Muuza nyuzi simjui. Nimekirudia chote upya ili nisikudanganye. Kitabu kinaitwa *Daraja la Upande Mmoja*. Nakutumia nakala yangu. Usiharakishe kuirudisha."

Kifurushi kilifika hotelini, mhudumu wa mapokezi akamshushia. Ndani kulikuwa na kitabu chembamba, jalada lake limefifia mpaka rangi yake haijulikani tena ni ya mwani au ya maji. Hakukifungua kazini. Alisubiri siku yake ya mapumziko, akakaa kitandani, miguu akiikunja chini ya shuka kama alivyokuwa akifanya zamani, akafungua ukurasa wa kwanza.

*Mto ule haukuwa na haraka, kwa hiyo na daraja nalo halikuwa na haraka.*

Sauti ya baba ilikuja moja kwa moja, pamoja na harufu ya tapentaini ya rangi zake. Haikuwa kumbukumbu ya sauti. Ilikuwa kama baba amekohoa chumba cha pili na sasa anaendelea. Sentensi baada ya sentensi alizijua kabla jicho halijazifikia. Babu alikuwepo na fimbo yake. Msichana alikuwepo, akining'iniza miguu ukingoni mwa daraja, akiuliza maswali yasiyo na majibu. Mvuke alisoma huku akitabasamu peke yake, na alasiri ikasimama dirishani bila kumsumbua.

Kisha msichana akaumwa. Viungo vyake vikavimba, kifua kikawa kizito. Kurasa chache mbele, asubuhi moja ya ukungu, babu akamgusa mkono na kuukuta baridi. Mvuke alirudi nyuma akasoma tena. Hakuwa amekosea. Msichana alikuwa amekufa, daraja hakulivuka, na kurasa nyingi zilikuwa bado zimebaki upande wa kulia.

Alimwandikia Kobe mara moja. "Labda kuna toleo jingine. Katika cha kwetu msichana anavuka."

Safari hii Kobe alijibu upesi, na hilo peke yake lilimtia Mvuke wasiwasi. "Hilo nilishawauliza watu wanaojua vitabu kuliko mimi. Toleo ni hilo moja. Mtoto anakufa mapema, dada. Kilichobaki chote ni cha babu." Baada ya kitambo akaongeza: "Nisamehe kuuliza. Baba yako alikuwa na kitabu mkononi wakati wote huo?"

"Wakati wote. Alikuwa akifunua kurasa. Hata kidole alikuwa akikilowesha kwa mate."

"Basi macho yalikuwa yakisoma kingine na mdomo ukisoma kingine."

Mvuke alikaa na simu mkononi. Alikumbuka jinsi baba alivyokuwa akinyamaza mara kwa mara katikati ya sentensi, akikitazama kitabu kwa muda, kisha akaendelea polepole. Yeye kitandani alidhani maneno ni magumu. Alikumbuka pia kwamba kabla ya mji wa mafundi miavuli baba alipumzika siku nzima bila kusoma, akisema macho yanamuuma.

Akatoka kwenda ukumbini. Mama alikuwa akipinda pazia la jirani, pini kadhaa zimebanwa midomoni.

"Mama, baba aliwahi kukwambia lolote kuhusu kile kitabu?"

"Jina sijui," mama alisema kupitia kwenye pini. "Tulishamalizana na hilo."

"Si jina. Kilichokuwemo."

Mama aliacha kukanyaga cherehani. Akazitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa bila kumtazama binti yake.

"Iko siku nilirudi akanifuata jikoni," alisema. "Uso hauna damu. Nikajua umenifia. Akasema, hapana, amelala, lakini mke wangu, hiki kitabu kinamuua mtoto. Tena kwa homa hiihii. Na mwanao anasubiri sura inayofuata, nimwambie nini?"

"Ukamjibuje?"

"Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, miguu inawaka moto. Nikamwambia, si una mdomo?"

Mvuke akacheka. Mama akajifanya kuukagua upindo wa pazia.

"Sikujua kama alinisikia," mama aliendelea. "Ila kuna kitu hukijui, maana ulikuwa usingizini. Ukishalala, alikuwa anakifungua tena na kusoma mwenyewe, kimya, hata nikimsemesha hasikii. Nilidhani kimemnogea. Siku moja nikamkuta anajifuta macho kwa kile kitambaa chake cha kazi, amejipaka bluu mpaka masikioni. Nikamcheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana, na yeye akacheka, na hakuniambia analia nini."

Jumamosi iliyofuata Mvuke aliwasimulia wenzake yote. Kisha Mama Mapacha akasema: "Kitabu cha Kobe tutakitafuta. Lakini sasa mimi nakitaka cha baba yako. Kipo kwako tu. Utakitoa?"

Basi siku zake za mapumziko, Mvuke alianza kuwatumia ujumbe wa sauti. Mwanzoni alikuwa akijikwaa, akirudi nyuma, akisema "subirini kidogo." Baadaye hadithi ikajua njia yenyewe. Aliwavusha daraja, akawapitisha mtaa wa mvua ambako watu walikuwa wakienda makusudi kuoga, akawaonyesha fundi aliyeshona mwavuli mkubwa kiasi kwamba familia mbili zilihamia chini yake na kugombania kivuli. Mambo aliyodhani yamepotea yalijitokeza, yakiwa na vumbi kidogo. Dereva mmoja wa lori aliandika kwamba amesimama kando ya barabara kwa sababu hawezi kuendesha na kusikiliza hapo kwa wakati mmoja. Mapacha walikuwa wakigombania simu ya mama yao, kila mmoja akidai kwamba yeye ndiye saa ya chafya.

Alasiri moja, alipokuwa akisimulia habari za muuza nyuzi, cherehani ilinyamaza ukumbini. Mama akatokeza mlangoni.

"Huyo mwanamke," alisema. "Anayefokea watu halafu anawapakulia. Anauza nini?"

"Nyuzi, mama."

Mama alisimama akifikiri, subana yake ya shaba ya kukinga sindano bado iko kidoleni. "Yule mwanamume," alisema hatimaye, "kanitia kwenye hadithi bila hata kuniuliza." Akarudi kwenye kazi yake, lakini cherehani ilikawia kuanza, na Mvuke alimsikia akicheka taratibu, kicheko cha mtu anayezungumza na mwingine.

Kilibaki kile kitabu chembamba. Mvuke alikuwa amekiweka kabatini kati ya mashuka, akiwa ameishia ukurasa ambao kifo kilimkuta msichana, na hakuwa na moyo wa kukiendea. Kobe hakumdai. Alimwambia tu kwamba kwake yeye nusu ya pili ndiyo nzuri, na kwamba nyuki wake walikuwa salama, asante kwa wasioulizia.

Ni mama aliyekitaka. "Nisomee," alisema. "Kama kilivyo. Nataka kujua alikuwa akisoma nini pale."

Wakakaa ukumbini, mama kwenye kiti chake, Mvuke sakafuni ameegemea mguu wa cherehani. Alianza mwanzo. Mto, daraja, babu na mabawa yake. Mama alisikiliza huku akiguna mara mojamoja, kama anayepokea habari za watu anaowajua. Walipofika asubuhi ya ukungu, Mvuke akanyamaza. Aliona mdomo wake mwenyewe unatafuta njia nyingine. Ingekuwa rahisi kabisa; msichana angeamka tu, akadai chai.

"Soma," mama alisema, akamwekea mkono kichwani. "Soma tu, mwanangu. Wewe si upo hapa."

Akasoma. Babu alimzika mjukuu wake, na tangu hapo kitabu kilikuwa cha babu akijifunza kukaa. Hakuna mji, hakuna safari. Kulikuwa na mzee tu darajani, akiwasikiliza ndege wanaokwenda na wanaorudi, mpaka siku moja mtoto mwingine wa njiani akamuuliza yule aliyepita ni ndege gani, na mzee akagundua kwamba anataka kujibu. Mvuke alimwona baba yake ndani ya kila ukurasa: ameketi kando ya kitanda cha mtoto anayehema kwa shida, akijifunza kimyakimya huzuni ambayo huenda ingemfika, kisha mtoto akifungua macho, baba anakifunua kitabu mahali popote na kusema, haya, tulikuwa wapi, muuza nyuzi kapika nini leo.

Iliwachukua alasiri kadhaa kukimaliza. Siku ya mwisho jua lilikuwa limelala sakafuni karibu na miguu yao, na mama akakichukua kitabu, akakifunga.

"Kizuri," alisema. "Mwandishi anajua. Ila cha baba yako watu wanakula sana."

"Kweli, kila sura kuna mtu anapakuliwa."

"Ulikuwa umegoma kula," mama alisema. "Unafunga mdomo hivi, kijiko kinagonga meno. Halafu ghafla ukawa unakula. Nami nikadhani ni ile dawa."

Akainuka, akaenda jikoni kuinjika maji, na Mvuke akamsikia huko akifungua makabati yote, akifoka kwamba ndani ya nyumba hii hakuna kitu kinachokaa mahali pake.