Amos Garlick Alivyompisha Kepteni

Katika kriketi ya Uingereza zama zile, waungwana walikuwa na mlango wao, na sisi tuliocheza kwa mshahara tulikuwa na wetu, kule nyuma karibu na choo. Wao hawakulipwa, ndiyo maana tukawaita bwana. Haya, hilo nililimeza. Lakini la Amos Garlick limenikwama kooni mpaka leo.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Asipopata mikimbio ya maana, yaani pointi za kukimbia kati ya vijiti vya huku na vya kule, timu ya jimbo haimchukui tena, na Amos atarudi mgodini kuchimba makaa, kazi iliyommaliza baba yake mapafu. Mwenzake mwenye gongo la kupigia mpira siku hiyo alikuwa kepteni wetu, Bwana Lyle, mtoto wa watu, mpole kwa mbwa wake tu.

Amos aliupiga mpira vizuri ajabu. "Wapashe, mzee!" nikawa napiga kelele.

Mara Lyle akaugusa mpira, akaita, "Kimbia!" Amos akatimka, akafika upande wa pili salama. Lyle mwenyewe akasita katikati, macho yamemtoka kama mbuzi. Mpira nao unarushwa kwenye vijiti vya kule alikotoka Amos. Mmoja lazima atolewe mchezoni, yule aliye karibu na vijiti vinapoangushwa, na kwa haki ni Lyle.

"Baki hapo hapo, Amos! Usisogee!" nikapiga kelele.

Lakini kwetu, mtu wa mshahara hamwachi muungwana atolewe. Amos akageuka, akampita Lyle, akarudi kulekule kwenye hatari. Alitembea tu, hata hakukimbia. Vijiti vikaangushwa, akawa ametoka.

"Vizuri, Garlick," Lyle akasema. Vizuri! Ningemzaba kofi.

Jioni Lyle alisimama mlangoni petu, hakuingia. "Pole, Garlick. Kamati ya jimbo imeniuliza kama tukuchukue tena, nami siwezi kusema uongo. Mikimbio yako haitoshi."

"Ndiyo, bwana."

"Ila leo umefanya kiungwana."

"Asante, bwana."

Alipoondoka nikamvaa Amos. "Mbona hukusema kitu? We bubu?"

"Niseme nini, Seth? Ningebaki, wangenifukuza kwa ufedhuli. Nimempisha, wananifukuza kwa uzembe."

Akakaa sakafuni akalia, mtu mzima mwenye mvi, na sisi wote tukatazama viatu vyetu. Jumatatu alishuka mgodini.