Rudisheni Kadi

Mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi, na kosa lilikuwa langu, ingawa mpaka leo sijui lilikuwa na ukubwa gani. Nilisahau maneno mawili tu: "ya kliniki."

Notburga alikuwa diwani wetu tangu mwaka sabini na nane. Kabla ya hapo alikuwa nesi na mkunga wa zahanati ya kata, kule njia ya Mshangano, na udiwani haukumwondoa kule. Kila Alhamisi alivaa gauni lake jeupe akapima watoto. Watu walimwita Sista. Mgeni akisikia hivyo alimtafutia rozari shingoni, kumbe sista mwenyewe ana watoto wanne na mume mbishi. Chaguzi tatu alipita bila jasho. Nani atampinga mtu aliyemkata kitovu?

Mwaka tisini na nne vyama vingi vilikuwa vimeshafika Songea. Bendera mpya zikaota mpaka Ruhuwiko, na neno "kadi" likaanza kuugua. Kurudisha kadi maana yake ni kukihama chama. Mtu alipanda jukwaani, akainua kadi yake juu, akapigiwa vigelegele, na kesho yake shemeji zake hawamsalimii.

Katikati ya hayo Sista akaniagiza niwatangazie akina mama: kadi za kliniki za zamani zirudishwe, mpya zimeletwa. Baada ya misa nikasimama nje ya kanisa na kipaza sauti. "Sista Notburga anasema kila mama arudishe kadi yake Alhamisi, zahanati!" Kisha nikaenda kunywa pombe ya komoni, moyo umetulia kabisa.

Alhamisi nikakuta foleni. Wa kwanza alikuwa Lidwina, mtoto mgongoni. Alifungua fundo la khanga akatoa kadi ya chama.

"Shikamoo, Sista. Nimerudisha."

"Marahaba. Hii ni nini, Lidwina?"

"Kadi."

"Na ya mtoto?"

Lidwina akashangaa. "Kumbe na mtoto anayo?"

Mimi nilicheka. Sista hakucheka. Wengine waliweka kadi za mtoto, wengine za chama, wengine zote mbili, na ilipofika saa sita, kapu lilikuwa na kadi za chama themanini na mbili. Alinigeukia. "Osmund, umewaambia nini watu hawa?"

Kabla sijajibu, katibu wa chama wa kata, Makarius, aliingia akisukuma baiskeli, shati limelowa. Habari ilikuwa imeshafika kwake: diwani anahama na kata nzima. Sista alimweleza mara tatu. Makarius alisikiliza, akakuna kichwa, akatoa sharti. Jumamosi kamati inapitisha majina ya wagombea. Kila mwanamke achukue kadi yake, na Sista aandike barua kwamba zote themanini na mbili zililetwa kwa makosa. Ikibaki hata moja, jina lake halipiti.

"Na wewe balozi," akaniambia, "jiangalie."

Tukazunguka nyumba kwa nyumba. Kila mlango Sista aliuliza hilo hilo: kwa nini uliileta?

"Si ulisema wewe?"

"Hukujiuliza kama ninahama?"

"Nilijiuliza," alisema Lidwina. "Nikasema akihama, tunahama."

"Mnahamia wapi?"

"Unakokujua wewe, Sista."

Wote walipokea kadi zao kwa utii ule ule walioziletea. Tulipotoka nyumba ya mwisho Sista alisimama njiani, kapu mkononi. "Nimechanganyikiwa, Osmund. Nilidhani hawa watu walinichagua. Kumbe miaka yote nilikuwa nawachoma sindano tu." Mimi nilidhani kupendwa ndiko huko.

Nilidhani tumemaliza, lakini chini ya kapu ilibaki kadi moja. Ilikuwa ya Noela, mke wangu, ambaye kwenye foleni nilidhani ameleta ya mtoto tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Noela alitukaribisha vizuri, akampa Sista kigoda. "Mimi nilielewa tangu kanisani," alisema. "Ya mtoto nilirudisha, nikapewa mpya. Hii nyingine niliileta kusudi. Niliona wenzangu wanaleta, nikasema siku ndiyo hii."

"Unahamia wapi?" Sista akauliza.

"Sihamii popote. Siitaki tu."

Sista aliigeuza kadi mkononi. "Miaka kumi na sita," akasema, "na wewe ndiye wa kwanza katika kata hii kuniambia hutaki." Nilidhani atafoka. Akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga, nami sikuelewa lipi lilikuwa la kweli.

Alipokaa kuandika barua nilimwomba kwa mikono miwili. "Andika themanini na mbili, Sista. Hiyo moja nitaificha mimi."

"Sijawahi kuandika kwamba mtoto amechanjwa wakati hajachanjwa."

Akaandika themanini na moja. Moja, aliongeza, imerudishwa na mwenyewe kwa hiari. Jina hakutaja, lakini mtaa wetu hauhitaji kutajiwa. Jumamosi kamati ilimkata, ikampitisha Valence mwenye duka, na mimi nikavuliwa ubalozi siku hiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani nikiwaka. Noela alikuwa anachambua maharage.

"Umemwangusha mtu aliyekuzalisha!"

"Barua aliandika yeye, tena kwa akili zake timamu."

"Na hiyo kadi ilikukosea nini, miaka yote hii?"

Hakuinua macho kwenye ungo. "Uliileta wewe, mwaka tuliooana, imeshajazwa. Ukaniambia niweke dole gumba. Nikakuuliza ni ya nini. Ukasema, weka tu."

Mimi sikumbuki. Lakini najijua, ndivyo ningesema.