Makosa Kumi na Moja ya Kakakuona

Kazi yangu ni kutazama katuni kabla ya watoto wa watu kuzitazama. Chumba changu kiko mwisho wa ukumbi wa ghorofa ya pili, kati ya stoo ya kamera na choo, na ndani yake kuna runinga moja, saa ya kuhesabia sekunde na rundo la fomu. Fomu ina vipengele vinne vya alama kumi kumi: picha, sauti, hadithi, lugha. Kila alama inayopunguzwa huandikiwa dakika na sababu. Sehemu ya katuni isiyofikisha thelathini imeanguka. Zikianguka sehemu mbili mfululizo, katuni nzima inaondolewa kwenye nafasi ya saa kumi na moja na nusu jioni, na katika miaka yangu kumi na miwili sijaona hata moja iliyorudi.

Katuni ninayotaka kuieleza inaitwa *Msafara wa Mto Mkavu*. Mto umekauka, na wanyama wanne wanaufuata kwenda juu kutafuta maji yalikoishia. Anayewaongoza ni nungunungu jike asiyekubali kuguswa. Nyuma yake yuko kima anayeogopa miti mirefu, kisha kobe ambaye anajua kila kitu ila hukisema kwa kuchelewa, kisha fisi anayewafuata akitumaini kwamba mmoja wao atakufa kwanza. Mtunzi ni mdogo wangu wa kike, baba mmoja mama mmoja.

Nilimwandikia mkuu wa vipindi barua kumjulisha undugu huo. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni pangu.

"Sasa unataka nimpe nani?" akaniuliza. "Yule mwenzako anayesema kiti amevunjika?"

"Nimekujulisha tu."

"Umenijulisha. Endelea."

Nikaendelea. Sehemu saba za kwanza zilipata kati ya thelathini na moja na thelathini na tano. Ya nane ilipata ishirini na tisa, na ilistahili, maana kuanzia dakika ya tatu sauti ziliachana na midomo kwa nusu sekunde nzima. Kwa hiyo kila kitu kikabaki kutegemea sehemu ya tisa.

Jumapili mdogo wangu alikuja nyumbani kama kawaida yake. Binti yangu ana miaka saba. Amerithi jina la mama yangu, kwa hiyo nyumba nzima inamwita Bibi. Aliposikia geti, Bibi alinipita mlangoni kama vile mimi ni nguzo.

"Shangazi! Nungunungu ataguswa lini?"

"Siku akitaka mwenyewe."

"Na fisi atakula nani?"

"Atakula maneno yake. Ngoja nikae kwanza, mama, miguu si yangu."

Nilileta chai. Walikuwa wamekaa kwenye kiti kimoja, Bibi kapakatwa na shangazi yake. Mdogo wangu akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto.

"Kaka, ya nane?"

"Ishirini na tisa."

"Sauti?"

"Sauti."

"Nilijua. Niliwaambia wale wa studio wakaniona mkorofi." Akanywa chai. "Haya. Ya tisa usinionee huruma."

"Sijawahi kukuonea huruma."

"Najua. Ndiyo maana nalala usingizi."

Bibi aligeuka. "Baba, wewe kwenye katuni ya shangazi unafanya nini?"

"Naihakiki."

"Ndiyo kufanya nini?"

"Natafuta makosa."

Alifikiri. "Ukiyapata, unapewa?"

"Napewa nini?"

"Hayo makosa. Yanakuwa yako?"

Mdogo wangu alicheka hadi chai ikammwagikia. Mimi pia nilicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha.

Ni haki nieleze mambo mawili. La kwanza: mdogo wangu alipokuwa shule, insha zake nilizisahihisha mimi. Aliandika "alafu" hadi kidato cha pili. La pili: miaka mitatu iliyopita niliandika hadithi ya watoto, kurasa arobaini na nane, ambayo mpaka leo sijaona kosa ndani yake. Nilimsomea Bibi. Tulipofika ukurasa wa tano aliniuliza kwa adabu kabisa, "Baba, zimebaki ngapi?" Hadithi hiyo iko kwenye droo. Bibi anaweza kusema sehemu ya kwanza ya *Msafara* neno kwa neno, pamoja na mikoromo ya kobe.

Jumanne asubuhi nilifunga mlango nikaitazama sehemu ya tisa.

Katikati ya mto mkavu msafara unakuta kitu cha duara chenye magamba. Kima anakigusa kwa mkia, fisi anakinusa. "Dude hili linanuka chakula," anasema. Wanajaribu kulifungua na wanashindwa. Dakika ya sita kobe anakumbuka: hili si dude, ni kakakuona, na akiguswa hujikunja. Hawana pa kumwacha, kwa hiyo wanaanza kumviringisha kuelekea juu.

Hapo nikasimamisha picha. Tulipokuwa wadogo, mdogo wangu aliniita Kakakuona. Hakuwa akisema habari za mnyama. Alimaanisha kaka ambaye kila kitu alikiona na kumpelekea mama. Sukari ikipungua, kaka kaona. Kioo kikivunjika, kaka kaona. Sikumbuki jina lingine lililowahi kuniudhi kiasi kile.

Nikabonyeza tena. Dakika ya saba, kima akasema: "Kakakuona hili zito!"

Kila aliyekaa darasani anajua kanuni. Mnyama ni kiumbe hai: kifaru anakuja, kiboko amelala, kakakuona huyu ni mzito. Dude ni *hili*, sawa. Lakini kobe ameshamtaja mnyama kwa jina lake, na baada ya hapo *hili* ni kosa. Nikaandika dakika na sababu. Dakika ya nane, fisi: "Kakakuona hili linatuchelewesha." Nikaandika. Dakika ya tisa: "Kakakuona limejikunja tena." Dakika ya kumi, nungunungu mwenyewe: "Lisukumeni." Na hivyo hivyo mpaka dakika ya kumi na sita, fisi anapokaa chini na kusema, "Tuliache hapa." Makosa ya upatanisho yalikuwa kumi na moja. La kumi na mbili lilikuwa la kobe kusema "masaa", kosa ambalo mdogo wangu hulifanya kwa makusudi kunichokoza.

Dakika ya kumi na saba nungunungu anakaa kando ya lile duara, miiba yake imelala. Anasikiliza. Kisha anasema: "Huyu amechoka. Tumngoje."

Kuanzia hapo mpaka mwisho, hakuna *hili* hata moja.

Nilimaliza fomu. Picha tisa, sauti tisa, hadithi tisa. Lugha: makosa kumi na mawili, alama moja kila kosa, sifuri. Jumla ishirini na saba. Nikapiga sahihi, na saa nane mchana fomu ilikuwa mezani kwa mkuu. Mkononi nilikuwa na kanuni ya sarufi ambayo hakuna mtu angeweza kuipinga, na nilishuka ngazi nikipiga mluzi.

Mkuu hasaini fomu yoyote kabla ya watazamaji wa Jumatano. Hao ni watoto sita wa wafanyakazi. Huketi kwenye zulia la chumba cha mikutano baada ya shule, na mhakiki hukaa nyuma yao akiandika dakika wanazojikuna, wanazopiga miayo na wanazoomba kwenda chooni. Juma hilo Bibi alikuwa mmoja wao.

Kima aliposema "Kakakuona hili zito," mtoto wa dereva alicheka. Dakika ya nane walicheka wawili. Dakika ya tisa hakucheka mtu.

"Si hili," Bibi akaiambia runinga. "Huyu."

"Nyamaza," mtoto wa mapokezi akasema.

"Lakini ni mnyama! Kobe kawaambia!"

"Wanajua. Wanamfanyia makusudi."

"Mbona hata nungunungu?"

"Hata yeye."

Walisogea mbele, wote sita, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikalazimika kuinuka niwaone. Kila *hili* lilipotamkwa, mtoto fulani alinong'ona "huyu", kama mtu anayemkumbusha mwenzake aliyesahau shairi jukwaani. Kwenye "Tuliache hapa," mtoto wa dereva alijifunika uso. Kisha nungunungu akaketi, akasikiliza, akasema lake.

"Kasema!" Bibi aliruka juu. "Kasema huyu! Baba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kasema *tumngoje*!"

"Nimesikia, Bibi. Keti."

Safu ya kujikuna ilibaki tupu. Tangu nianze kazi hii, haijawahi kutokea.

Nilirudi chumbani kwangu na nakala ya fomu. Yote yalikuwa pale, kwa mwandiko wangu: dakika ya saba, ya nane, ya tisa, mpaka ya kumi na sita. Mtu asiyejua lugha hukosea popote. Hawezi kukosea mara kumi na moja kwa dakika kumi mfululizo, kisha ghafla akawa hakosei tena, tena kwenye sentensi ile ile ambayo kisa kizima kinageukia. Kuliona hilo hakuhitaji watoto sita. Kunahitaji kusoma safu ya dakika, na safu ile niliijaza mimi.

Ningependa kuandika kwamba sikuliona. Nililiona. Jumanne, kwenye kosa la nne, nungunungu aliposema "Lisukumeni", mkono wangu ulisimama, kwa sababu nungunungu hakuwahi kukosea upatanisho hata mara moja katika sehemu nane. Nilijua papo hapo anachofanya mdogo wangu. Nilijua pia kwamba mimi nisingelifikiria, hata ningepewa kurasa arobaini na nane nyingine. Nikaandika la nne, na yale saba yaliyofuata nikayaandika kwa mwandiko mzuri zaidi.

Alhamisi asubuhi nilimwomba mkuu ile fomu. Utaratibu wa kubadili alama ni mwepesi: unakata kwa mstari mmoja, unaandika alama mpya, unapiga sahihi, unajaza sababu. Nilikata makosa kumi na moja. La "masaa" nikaliacha. Lugha tisa, jumla thelathini na sita, alama ya juu kuliko zote nilizowahi kuipa katuni hiyo. Kwenye sababu nikaandika: *Wivu wa mhakiki.*

Mkuu alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Hii siwezi kuiweka kwenye faili."

"Ndiyo sababu."

"Andika hitilafu ya sauti."

"Sauti ilikuwa nzuri. Niliipa tisa."

"Basi andika ulisikia vibaya."

"Nilisikia vizuri."

"Wewe bwana una matatizo," akasema, bila ukali. Akasaini. "*Msafara* unabaki saa kumi na moja na nusu. Lakini kuanzia ya kumi anahakiki mwenzako."

"Wa kiti amevunjika?"

"Huyo huyo. Yeye angalau hana dada."

Nilimpigia mdogo wangu simu mchana, ili asiyasikie kwa mwingine. Nilimweleza kwa mpangilio: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, alama zilivyokuwa na zilivyokuja kuwa.

"Sifuri," alisema. "Ya lugha."

"Nilidhani yule kakakuona ni mimi."

"Kaka, si kila mnyama ni wewe. Nilitaka mnyama wa duara, basi." Nilimsikia akisogeza kiti. "Na hukuelewa nilichofanya pale?"

"Nilielewa."

"Kwenye kosa la ngapi?"

Ningeweza kusema la kumi na moja.

"La nne," nikasema.

Nilikisikia kile kiti kikisogezwa tena.

"Miaka yote," alisema hatimaye, "watu wakinisifu siwaamini. Nilikuwa nasema, ngoja kaka aseme. Sasa nitamuuliza nani?" Kisha akaongeza: "Jumapili sitakuja. Mwambie Bibi nina kazi."

"Huna kazi."

"Basi mwambie ukweli, si ndiyo fani yako?"

Jumapili Bibi alikaa dirishani tangu saa nne. Saa sita nikamwambia ukweli, kwa maneno anayoyajua: kwamba shangazi alifanya kazi nzuri, nikaiona kuwa ni nzuri, nikasema mbaya.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe unampenda sana."

Alinikunjia uso, kama ambavyo mtu hukitazama kiatu alichovaa mguu usio wake.

"Ukamwomba msamaha?"

"Nilirekebisha fomu. Kisha nikampigia nikamweleza kila kitu."

"Lakini ukamwomba?"

Nikapitia mazungumzo yale tangu mwanzo, sentensi kwa sentensi. Neno hilo halikuwemo.

Bibi alichukua simu yangu mezani, akaenda nayo chumbani kwake, akasukuma mlango. Haukufunga vizuri. Nilisimama ukumbini na chai yangu mkononi, nikamsikia akisema, "Shangazi, ni mimi," kisha akaanza kumhadithia sehemu ya tisa tangu mwanzo, kana kwamba aliyeitunga ni mtu mwingine. Alipokosea hakuna aliyemsahihisha. Kila alipopumua, ndani ya simu sauti ya mdogo wangu iliuliza, "Enhe? Ikawaje?"

Nilingoja pale mpaka chai ikapoa. Sikuitwa.