Kahawa Iliyopoa Darsait

Mtu anayeaga kwenda vitani hulishwa kila mlango anaobisha. Tangu asubuhi Aflah alikuwa ameshakula halua nyumba tatu, ameshabusiwa kipaji cha uso na mashangazi ambao siku nyingine humpita njiani kama hawamjui, na sasa amebanwa nyuma ya Landrova ya kukodi pamoja na mkewe Nasriya, wanapanda kilima kutoka Matrah kwenda Darsait. Mbele, ubavuni mwa dereva, alikaa mama yake, Bi Masouda, kajifunga buibui lake la Unguja, anamfundisha dereva kazi yake.

"Taratibu, mwanangu, taratibu. Huyu wa nyuma anakwenda kuuliwa kesho, weye usituue leo."

"Mama, jamani!" Nasriya alisema.

"Kwani nimesema uongo?"

Ilikuwa Disemba ya mwaka 1970 nchini Oman, na kesho yake meli ingeondoka Matrah kupeleka askari Salala, kisha kutoka Salala wapandishwe majabali ya Dhofar, kusini mwa nchi, ambako vita vilikuwa vimeshakula miaka mitano na havijashiba. Bi Masouda hakuijua Dhofar. Alichojua ni kwamba huko kunafikwa kwa bahari, na kwamba jirani yake mmoja alipeleka kijana akarudishiwa mkoba. Kwake yeye bahari ikishaingia kati, hiyo ni nchi nyingine. Mumewe alimwacha kaburini Unguja mwaka 1964, akavuka maji na mtoto mmoja tu, na huyo mmoja ndiye sasa anavushwa tena.

"Amri ni amri, mama," alisema Aflah, kama alivyokuwa akisema wiki nzima.

Na hapa ndipo penye uchafu wenyewe, bora tuuseme mapema kabla haujanuka. Hapakuwa na amri.

Aflah alikuwa karani wa stoo katika kambi ya Bait al-Falaj. Kazi yake ilikuwa kugawa viatu, mablanketi na mikanda kwa wanaokwenda Dhofar, na kupokea vinavyorudi. Wenzake walimpa jina la Bwana Viatu. "Ewe Zinjibari," walimtania kwa Kiarabu, wakijua Kiarabu chake kina matege, "vita vyako vya kabatini!" Ulikuwa utani wa watu waliompenda, lakini Aflah ni katika wale ambao utani huwaingia na hautoki. Siku moja aliingia kwa afisa wa Kiingereza na, kwa Kiingereza chake safi cha skuli ya Unguja, akaomba apelekwe. Afisa alifurahi hata akamshika mkono. Na jambo lililomtia Aflah haya kuliko yote ni kwamba alitoka mle ofisini na furaha. Alikata uwanja kifua mbele, roho imemchangamka kama bwana harusi. Mpaka alipofika nyumbani na kumkuta Nasriya ameinama anamfulia kanzu, ndipo akili ilipomrudia, na badala ya kusema alichokifanya akasema, "Nimeamrishwa."

Mtu mmoja tu aliyajua haya. Ghanim, kaka yake Nasriya, alikuwa karani mkuu hapo kambini, na ofisi yake ndiyo iliyopanga nani apande meli na nani abaki. Alimvuta Aflah pembeni akamgombeza kama mtoto. "Una mama asiye na mwengine. Una dada yangu. Nani kakutuma?" Alipoona maneno hayaingii, na aliyeomba mwenyewe kwa afisa yeye hawezi kumfuta, aliacha. Aflah akamtaka amuahidi kwamba hatomwambia mtu, na Ghanim, ambaye akiahidi ameahidi, akamuahidi.

Kwa hiyo Landrova iliposimama mlangoni kwa Ghanim, mmoja kati ya abiria alikuwa na moyo mzito kuliko wenzake, na haikuwa kwa sababu ya vita.

Hamdiya, mke wa Ghanim, alikuwa ametandika na kupanga tende, halua, na mkate wa kumimina alioupika khasa kwa ajili ya Bi Masouda. Waliulizana hali mpaka hali zikaisha. Ghanim alimbusu Bi Masouda mkono, kwa heshima ile ile aliyompa siku alipowatafutia nyumba Matrah, walipofika hawana godoro wala sufuria. Kisha Hamdiya akamimina kahawa. Bi Masouda alipokea kikombe, akakitazama, akakiweka chini mbele ya magoti yake. Akakunja mikono.

Nasriya ndiye aliyeelewa kwanza, akashika shela lake mdomoni. Kwa Waarabu wa Oman, mgeni aliyekuja na haja nzito huiweka kahawa chini bila ya kuinywa. Mwenye nyumba atamuuliza haja yake, na akiwa muungwana atamwambia kunywa, haja yako imepita. Kahawa ikipoa mbele ya mgeni, iliyopoa ni heshima ya nyumba. Lakini hayo ni mambo ya mashekhe, wanaume wenye majambia viunoni. Bi Masouda miaka yote hii kazi yake ilikuwa kuvicheka vikombe vya huku, akiviita vya kupimia dawa ya kikohozi. Leo aliazima desturi ya wenye nchi, kwa sababu desturi za kwao zote zilikuwa zimemwishia.

"Kunywa kahawa, mama," Ghanim alisema.

"Sinywi, mwanangu. Nna haja."

"Sema haja yako."

"Huyu asipande meli kesho. Weye ndiye mwenye kupanga. Mpange pengine. Akafagie, akapike, akawafulie hao Waingereza soksi zao, mie sitoona haya. Nnaye huyu tu, Ghanim."

Ghanim alimtazama Aflah, na hakumtazama kidogo. Alimtazama akangoja, kama mtu anayekushikia mlango upite. Kilichohitajika kilikuwa kifupi sana: niliomba mwenyewe. Aflah alikuwa nayo maneno hayo, yamefika mpaka kwenye meno. Akanyoosha mkono, akachukua tende, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna. Katika maisha yake hakuwahi kutafuna tende kwa uangalifu namna ile.

"Siwezi, mama," alisema Ghanim.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Angekuwa wako wa kumzaa ungeweza."

"Kaka," Nasriya alisema, machozi yameshamjaa, "mimi nimekuomba kitu lini? Tangu nizaliwe nimekuomba kitu?"

Ghanim aliinamisha kichwa. Alikuwa na neno la kujiokoa, neno moja, na hakulitumia. Alimtazama Aflah mara ya pili, lakini mara hii hakungoja. Hamdiya, ambaye hakujua lolote ila kwamba nyumba yake inaaibika, alikiondoa kile kikombe na kumimina kingine cha moto. Bi Masouda akakifunika kwa kiganja.

"Usijisumbue, mwanangu. Mkono wako hauna kosa." Aliinuka akijishika nyonga. "Kahawa ya nyumba hii sitoinywa. Na radhi, Ghanim, usije ukanitaka. Sina ya kukupa."

Walitoka. Aflah alibaki nyuma akivaa viatu, akivaa polepole, mpaka Ghanim akawa amesimama karibu naye.

"Ghanim, wallahi mimi..."

"Nilikuahidi," Ghanim alisema kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo nimenyamaza. Weye ungeweza kusema, hakuna aliyekufunga." Kisha akamshika bega, maana ni shemeji yake na anakwenda vitani, na hilo ndilo lililomuumiza Aflah zaidi.

Jioni ile Aflah alitunzwa kama mgonjwa. Mama yake alimpikia wali wa nazi, nazi ya kutafutwa sokoni kwa udi na uvumba. Nasriya alimkanda miguu akasema hatomsamehe kaka yake mpaka siku ya kufa. "Usiseme hivyo," Aflah alimwambia. "Kwa nini unamtetea?" Nasriya aliuliza, na machoni mwake mlikuwa na mapenzi mengi kwa mume mwema kiasi hiki, anayemtetea aliyemdhulumu. Aflah akageuza uso. Alijichukia, na bado miguu yake iliendelea kukandwa, na ilikuwa raha.

Asubuhi, chai imeshanywewa na mkoba uko kizingitini, Bi Masouda alipanda juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi mlangoni, msahafu umefungwa kitambaa cha kijani, akaunyanyua juu kwa mikono miwili. Kwa watu wa kwao kila msafiri hupita chini ya msahafu mara tatu, atoke, arudi, atoke, ndipo aende. Aflah aliinama akatoka. Akageuka akarudi ndani, alikosimama Nasriya. Juu ya kichwa chake mama alikuwa akimuombea.

"Mola akurejeshe kama ulivyotoka. Maziwa nilokunyonyesha ni halali yako. Nimekuwa radhi nawe, mwanangu, duniani na akhera. Na yule alokutia katika safari hii, anajua nnaye mmoja na asinihurumie, Mola amuonjeshe uchungu huu huu, yeye na..."

"Basi, mama. Usiapize."

"Naapiza! Kwa nini nisimuapize?"

"Kwa sababu ni mimi."

Mikono ya Bi Masouda ilibaki juu. Aflah alisema yote, akiwa amesimama pale pale, hakuificha hata ile furaha. Alisema haraka haraka, na alipomaliza alihisi wepesi, akadhani, mjinga yule, kwamba wepesi ule ni wa kila mtu.

Bi Masouda aliteremka taratibu. Aliubusu msahafu, akaurudisha mahala pake.

"Ghanim alijua?"

"Alijua. Nilimuahidisha asiseme."

"Kwa hiyo nimemvunjia mtu heshima ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe, yeye kanyamaza kwa ajili yako." Alitafuta viatu vyake kwa miguu, akavivaa. "Na weye ulikuwa unakula tende."

"Mama, nisamehe. Meli..."

"Meli ina wenyewe."

Alijitanda buibui, akampita, akatoka kwa mlango ule ule aliokuwa amemwekea msahafu, na wakaisikia sauti yake kichochoroni ikiulizia gari la Darsait. Aflah alibaki ndani ya nyumba, amepita mara mbili, ya tatu haina tena mtu wa kumpitisha.

Nasriya hakulia. Alifunga mlango, akauchukua mkoba upande mmoja, Aflah akaushika upande wa pili, wakashuka mpaka pwani. Pwani palijaa watu. Mashua zilikuwa zikiwapeleka askari melini, mama zao na wake zao wamesimama wanalia, wengine wanapunga shela. Walisimama pembeni.

"Nasriya."

"Nnawatazama wenzangu," alisema. "Wanaagana na waume waliochukuliwa. Mimi sijui niseme nini. Naagana na mume aliyeomba aondolewe kwangu."

"Si kwako. Sikuomba kukukimbia wewe."

"Siku ile ulirudi na furaha. Nilikuona, Aflah. Nikajisemea, huyu leo kafurahi kuniona. Halafu ukanambia umeamrishwa, nikajua umejikaza usinitie huzuni." Alimrekebishia kola ya shati, kwa sababu ilikuwa imepinda na mkono ulizoea. "Wiki nzima nakusifu kwa watu."

Aflah angeweza kuvumilia kugombezwa. Akasema atarudi, neno ambalo kila mwanamume pale alikuwa akilisema.

Ndipo walipomwona Ghanim anapenya katika watu, kofia mkononi, jasho limemtoka. Nasriya alimkimbilia kaka yake, akamshika mkono na kuuweka usoni kwake, na hapo ndipo alipolia. Ghanim alimpigapiga mgongo, akimtazama Aflah juu ya kichwa cha dada yake. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mtu aliyechoka.

"Mama kafika kwako?" Aflah aliuliza.

"Kafika."

"Kasema nini?"

"Kaniomba radhi. Kataka kunishika miguu, mama mtu mzima, nikamwahi. Kamuomba radhi na Hamdiya. Kisha kakaa. Nimemwambia bado kuna wakati, gari liko mlangoni, twende pwani ukamuage."

"Akasema?"

"Hakusema."

"Hata neno? Hata la kuniletea?"

Nyuma yao jina la Aflah liliitwa kutoka kwenye mashua, na likaitwa tena.

"Nimemngoja, Aflah," Ghanim alisema. "Nimemngoja aseme mpaka nikaona nitakukosa."

Aflah aliuchukua mkoba wake kwa Nasriya, akaingia majini na viatu vyake, akapanda mashua pamoja na wenzake.